Njia Tatu, Bandari Moja: Mikumi, Kilosa na Ndoto ya Programu Isiyoanguka

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake kule Salisbury walijitangazia uhuru wa walowezi. Zambia, nchi iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja na siku chache tu tangu ipate bendera yake, ikajikuta imefungiwa mlango. Shaba yake, kwa sehemu kubwa, ilitoka kwa reli iliyopita Rhodesia mpaka kwenye bandari za Msumbiji ya Wareno. Mafuta yake yaliingia kwa mlango huohuo. Mlango ni mmoja, mwenye ufunguo ndiye huyo mliyegombana naye, sasa unafanyaje?

Nimeanza na Zambia lakini stori yenyewe ni ya Mikumi na Kilosa, na kabla hatujamaliza itakuwa imeingia kwenye kompyuta. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya riwaya na mashairi, mnivumilie. Hii nayo ni historia ya wazo, na mawazo husafiri kwa barabara mbovu kama watu.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa ya kubahatisha. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mafuta kwenye mapipa, kitu ambacho hata mtoto angeona hakilipi. Malori yakaanza kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia kwa barabara ya vumbi, ambayo masika ikija inageuka uji. Iliitwa Njia ya Jehanamu, na waliyoiita hivyo hawakuwa wakitafuta sitiari. Barabara ile ilipita Morogoro, ikakata katikati ya mbuga ya Mikumi, iliyokuwa imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964 tu, ikashuka kuelekea Ruaha Mbuyuni na kupanda Iringa. Nyani na tembo wa Mikumi walishuhudia siasa za Kusini mwa Afrika zikipita mbele yao kwa matairi.

Halafu yakaja masuluhisho ya kweli, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kwanza bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968: kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kazi ya Waitaliano. Pili, barabara yenyewe ikajengwa upya na kuwekwa lami, sehemu yake kwa fedha za Wamarekani. Tatu, reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba na wataalamu kutoka China. Ujenzi ulianza mwaka 1970, treni za majaribio zikatembea 1975, na 1976 reli ikakabidhiwa. Bomba na barabara vilipita Mikumi. Reli ilizunguka kusini, ikagusa Kidatu na kuingia bonde la Kilombero.

Ukizitazama njia hizi tatu kwa jicho la fundi, utaona zinafanya kazi moja, kutoa mzigo pwani na kuufikisha bara (na kuurudisha, ukiacha bomba, ambalo halijui kurudi). Lakini zimebuniwa tofauti kabisa, na watu ambao hawakai meza moja. Bomba haliogopi kilichoiziba barabara, na mgomo wa madereva wa malori hausimamishi treni. Isitoshe, timu zilizojenga zilitengwa na ukuta mrefu kuliko wowote: mwaka 1970 Mmarekani na Mchina hawakuwa wanaonyeshana michoro. Ukitaka wajenzi wasionakiliana, Vita Baridi ilikupa bure.

Hilo la kutonakiliana ndilo lililokuwa likiwasumbua watu wa kompyuta miaka ileile.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko mashine. Mwaka 1834 Dionysius Lardner aliandika makala ndefu kwenye Edinburgh Review kuhusu mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage. Humo alieleza kwamba njia ya uhakika ya kunasa makosa ya hesabu ni kuwapa kazi ileile wakokotoaji tofauti waliotengana, na uhakika unaongezeka zaidi wakitumia mbinu tofauti. Wakati huo neno la Kiingereza linalozaa “kompyuta” lilimaanisha mtu, karani wa hesabu mwenye wino vidoleni. Lardner alikuwa anazungumzia makarani.

Miaka zaidi ya 140 baadaye wazo likarudi limevaa suti. Mwaka 1975 Brian Randell wa Chuo Kikuu cha Newcastle alipendekeza mpango ambao kwa lugha ya nyumbani ningeuita “mkeka wa akiba”. Programu inafanya kazi yake, jibu linapimwa mlangoni, likikataliwa mfumo unarudi pale ulipokuwa kabla ya kuanza na kumpa kazi mbadala aliyeandikwa kwa namna nyingine. Muda mfupi baadaye Algirdas Avižienis, mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa UCLA kule California, pamoja na Liming Chen, wakaja na mpango wa pili. Badala ya kumngoja wa kwanza ashindwe, waandishi kadhaa wanapewa maelezo yaleyale, kila mmoja anaandika toleo lake bila kuzungumza na mwenzake, matoleo yote yanaendeshwa pamoja, kisha yanapiga kura. Wawili wakisema kushoto na mmoja kulia, tunakwenda kushoto.

Kwa nini wasiweke tu nakala tatu za programu moja? Kwa sababu programu haichakai. Taa ya lori inaungua kwa bahati yake, na taa ya pili haina sababu ya kuungua dakika ileile. Kosa la programu limeandikwa ndani, na nakala tatu ni kosa moja lililorudiwa mara tatu kwa utiifu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, ikiwa na kompyuta mbili za kujua mwelekeo, moja ya kazi na moja ya akiba, zote na programu ileile iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo kuliko mama yake. Namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kompyuta ya akiba ikazimika, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye ile ya kazi ikazimika kwa sababu ileile. Roketi haikumaliza hata dakika moja hewani.

Sasa tuingize obijekti, maana ndizo zilizolipa wazo hili nyumba.

Kule Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wanatengeneza lugha ya kuigiza mifumo yenye foleni na msongamano, na kufikia 1967 wakawa na Simula 67, bibi wa lugha zote zinazoitwa za obijekti. Ni mwaka uleule ambao malori ya Zambia yalikuwa yamekwama kwenye tope, na napenda kuwaza (hakuna ushahidi, ni kupenda tu) kwamba lugha ile ingewafaa sana waliokuwa wanapanga foleni za Dar es Salaam. Obijekti ni kitu kinachobeba hali yake chenyewe na kinachojua kazi zake. Unakiambia “safirisha mzigo huu”, hukiulizi namna. Orodha ya amri inazokubali inaitwa intafesi, yaani mlango wa mbele. Klasi ni mchoro unaozalisha obijekti za aina moja.

Chukua intafesi iitwayo Njia, yenye amri moja, safirisha. Klasi tatu zinaitii: Barabara, Bomba na Reli. Ofisi ya Lusaka inaagiza tu, haijui kama mafuta yanakuja ndani ya bomba chini ya miguu ya nyati wa Mikumi au ndani ya tangi la lori. Njia moja ikishindwa, unabadilisha obijekti, na mwenye kuagiza hahitaji hata kuambiwa. Katika miaka ya 90 Randell na wenzake wa Newcastle walifuata mwelekeo huu. Matoleo tofauti yakae nyuma ya mlango mmoja, na yule anayepima majibu au kuhesabu kura naye awe obijekti inayojitegemea, inayoweza kubadilishwa bila kubomoa nyumba. Kabla ya hapo mambo ya akiba na kura yalichanganywa na kazi yenyewe mpaka programu ikawa ngumu kusomeka, na programu ngumu kusomeka ndiyo inayozaa makosa. Ulikuwa unaweka walinzi wengi hadi mwizi anajificha katikati yao.

Basi, kwenye karatasi Zambia ilikuwa imepona. Kilichotokea ni nini?

Mwaka 1973 Smith alifunga mpaka. Alipotaka kuufungua tena wiki chache baadaye, Kaunda alikataa. Agosti 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela iliyokuwa ikipeleka shaba bandari ya Lobito, Bahari ya Atlantiki. Mzigo wote ukageukia kaskazini mashariki, na njia tatu zikaonekana ni tatu kweli, mpaka unapofika mwisho wa kila moja. Zote zinaishia Dar es Salaam. Gati ni zilezile. Bandari ilisongamana, TAZARA nayo ikawa na upungufu wa injini na mabehewa, na mbolea ya wakulima wa Zambia haikufika kwa wakati. Oktoba 1978 Kaunda alimeza mate machungu na kufungua tena njia ya kusini, ya kupitia kwa Smith. Mwaka 1979 ndipo makomando wa Rhodesia walipolipua madaraja ya mto Chambeshi kaskazini mwa Zambia, la reli na la barabara. Njia mbili zilizojengwa na mataifa hasimu, zenye mabwana tofauti na teknolojia tofauti, zilivuka mto mmoja karibu karibu.

Haya ya Chambeshi na ya bandari ni hadithi mbili, tusizichanganye. Bandari ilikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Kila mtu aliijua, ila hakuna aliyeihesabu kama sehemu ya njia. Katika lugha ya obijekti ningesema klasi zote tatu zilirithi kutoka kwa mzazi mmoja. Kurithi ndiyo raha ya obijekti. Unaandika jambo mara moja kwa mzazi, watoto wote wanalipata. Lakini watoto hawapati mema peke yake. Ukiwaagiza mafundi watatu waandike matoleo matatu tofauti, kisha wote wakaanza na klasi ileile ya mzazi kwa sababu “ndiyo ipo tayari”, umenunua tofauti ya sura tu. Damu ni moja.

Chambeshi ni jambo la kina zaidi, na lilichelewa kueleweka. Mwaka 1986 John Knight na Nancy Leveson walichapisha jaribio ambalo liliwaudhi wengi. Waliwapa wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani, Virginia na Irvine ya California, maelezo ya tatizo moja, wakapata programu 27 zilizoandikwa bila kushauriana. Wakazipima kwa majaribio 1,000,000. Programu zilikuwa nzuri. Sita hazikukosea hata mara moja. Lakini mara 1,255 zaidi ya programu moja zilikosea kwenye swali lilelile, nyingi kuliko ambavyo ingekuwa kama kila moja ingekosea kwa bahati yake. Hakuna aliyenakili. Wanafunzi wa pwani mbili za bara moja walijikwaa kwenye jiwe moja kwa sababu jiwe lilikuwa njiani. Avižienis na wenzake walipinga namna jaribio lilivyofanywa, na majibizano yakawa makali kwa miaka. Mimi nasimama na Knight na Leveson, na sababu yangu ni Kilosa.

Nenda na ramani. Kutoka pwani kwenda kati, ukishapita Morogoro, unakutana na tambarare ya Mkata, kisha milima. Mto Mkondoa umetoboa milima hiyo, na mlango wake ni Kilosa. Burton na Speke walipita bonde hilo mwaka 1857, wakiwa wametokea Zungomero, kusini. Mwaka 1871 Stanley akaja kwa njia nyingine, moja kwa moja kupitia upande wa Morogoro ya leo, masika yakamkuta Mkata, na akaivuka kama bwawa kwa siku kadhaa za tope na homa. Kisha naye akaingia bonde lilelile. Misafara miwili, njia mbili, na zote zikamezwa na Mkondoa. Wala hawakuwa wagunduzi wa kitu: walifuata wapagazi na wafanyabiashara waliokwisha kuijua njia hiyo. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914, nao wakapita hapo, reli imeegemea ukingo wa mto kwa kilomita nyingi kuelekea Kidete na Gulwe.

Hakuna aliyenakili kwa uvivu. Mlima ndio uliowanakilisha. Ukimpa mpagazi, mpelelezi na mhandisi swali la namna ya kupanda kutoka Mkata, watakupa jibu moja, na pamoja na jibu watakupa udhaifu mmoja, yaani maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mvua kubwa ilishusha Mkondoa kwa hasira, kingo zikavunjika, maelfu ya watu wa Kilosa wakaishi kwenye mahema, na tuta la reli likasombwa. Dar es Salaam na Dodoma zikakosa treni kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho, wakazi wa Kidete watakuambia.

Ndiyo maana matokeo ya 1986 hayakunishangaza nilipoyasoma. Kila tatizo lina bonde lake la Mkondoa, sehemu ile ngumu ambako akili za watu waliofunzwa vizuri hukutana bila kuahidiana. Dave Eckhardt na Larry Lee walikuwa wameshaliweka jambo hili kwenye hesabu mwaka 1985. Maswali hayalingani ugumu, na kadiri ugumu unavyojikusanya mahali pamoja, ndivyo matoleo yaliyoandikwa mbalimbali yanavyokosea pamoja. Mwaka 1989 Bev Littlewood na Doug Miller wakaleta habari njema kidogo. Ukiwalazimisha watu watumie mbinu tofauti, kinachokuwa kigumu kwa mmoja kinaweza kuwa chepesi kwa mwingine. Kutowasiliana pekee hakutoshi. Lazima mmoja umkataze bonde.

Airbus walielekea huko. Ndege ya A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, ina aina mbili za kompyuta za kuongoza mbawa na mkia, za watengenezaji tofauti na za moyo tofauti: moja ina prosesa ya Motorola, nyingine ya Intel. Na kazi haikugawanywa sawasawa. Aina moja ina majukumu ambayo nyingine haina, hivyo hata maswali wanayoulizwa hayafanani kabisa. Ni ghali, ndiyo. Abiria haoni, ndiyo.

Gharama nyingine ya utofauti haionekani mpaka ufike Kidatu. Mwanzoni mwa miaka ya 60 tawi la Reli ya Kati lilitoka Kilosa, likapita Mikumi, na mwaka 1965 likafika Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Baadaye TAZARA nayo ikafika hapo. Reli mbili zikaonana uso kwa uso na hazikuweza kushikana mikono. Ya Kilosa ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, kwa sababu Wachina walijenga kwa kipimo cha reli za Zambia. Milimita 67! Upana usiotimia hata kiganja kimoja, vidole vimebanwa. Kwa miaka zaidi ya 20 njia mbili zenye uwezo wa kusaidiana zilitazamana, mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 kilipojengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Waandishi wanne wa kitabu maarufu cha 1994 cha mitindo ya programu, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, wana jina la kifaa cha namna hii, obijekti inayokaa kati ya mbili zisizoelewana na kumtafsiria kila mmoja. Mkalimani, kwa Kiswahili cha kawaida. Kidatu ni mkalimani wa mabehewa.

Na mkalimani ana uchovu wake. Kila tani inayohamishwa kwa mashine na mikono ya watu inapoteza muda, na mkalimani mwenyewe akiugua, njia zote mbili zinabaki bubu kwa mwenzake. Wapiga kura wa Avižienis wanahitaji anayehesabu kura. Naye anaweza kukosea. Wenyewe walilijua hilo na walijaribu kumfanya mhesabu awe mdogo na mwepesi kiasi cha kukaguliwa mstari kwa mstari, jambo ambalo ni rahisi zaidi kwenye programu kuliko kwenye winchi.

Mwaka 2024 treni za umeme za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa reli ya milimita 1,435, kipimo cha tatu katika simulizi hii. Karibu na Kilosa wamechimba mahandaki ndani ya milima, kwa hiyo kwa sehemu hiyo mtu amekatazwa bonde kweli. Vituo vinavyofuata baada ya Kilosa, lakini, ni Kidete na Gulwe, majina yaleyale ya Mjerumani. Zambia kwa upande wake ilitia saini mwaka 2023, pamoja na Angola, Kongo, Marekani na Umoja wa Ulaya, makubaliano ya kuendeleza njia ya Lobito. Reli hiyo ikifika itaishia kwenye gati nyingine, na kwenye bahari nyingine.